Nikageuka, Nikamwona

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema nisije nikalaumiwa baadaye. Aliyenifundisha kwamba woga unaweza kuchekesha ni mwandishi mmoja wa gazeti la zamani, mzee aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori. Kila wiki aliandika jinsi alivyotimua mbio porini. Mara amepanda mti akimkimbia nyati, kumbe ni ng'ombe wa jirani. Mara amelala usingizi njiani mwa siafu. Na kila mara alijitetea kwa maneno yaleyale: "Mimi si mwoga, ila miguu yangu haipendi ugomvi."

Gazeti lenyewe hatukulinunua. Lilitufikia kutoka duka moja la Bulyaga, limefungia maandazi. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mpole sana, alipojua nampenda mwandishi yule, akawa ananifungia kwa ukurasa wake. Nilifika nyumbani Mpuguso maandazi yamepoa, kwa sababu nilikuwa nasoma huku natembea. Kisha nilimsomea mama barazani. Mama hajui kusoma, na Kiswahili chake kina lafudhi ya kilugha chetu. Alicheka mpaka akakohoa, maana ana pumu tangu ujana wake.

Hadithi moja ilikatika. Mwandishi amepotea kwenye ukungu, anasikia kitu kinahema nyuma yake, anaogopa kugeuka. Mwisho anajikaza: "Nikageuka, nikamwona..." Hapo karatasi ilikuwa imechanika. Mwenye duka alitafuta kipande cha pili hakukipata. Bila shaka kiliondoka na maandazi ya mtu mwingine. Miaka na miaka, tukiwa tunamenya ndizi, mama aliniuliza, "Gwe, alimwona nani?"

Mwaka jana ukungu ukatukuta sisi. Tulikuwa tumetoka kutoa pole msibani, chini ya mlima Rungwe, na mama akasema anajua njia ya mkato pembeni mwa msitu, alikuwa akipita hapo alipokuwa msichana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi nilisikia, na ndiyo maana tulipotea.

Ilikuwa saa nane mchana. Ukungu ulishuka ghafla, tukawa hatuoni hata miguu yetu, na kijia kikaishia kwenye vichaka vilivyolowa. Simu haikushika mtandao. Mama akaanza kubanwa kifua. Nikafungua mkoba nimpe dawa yake ya kuvuta, haimo. Asubuhi nilikuwa nimebadilisha mkoba, kwa sababu ule wenye dawa haukuendana na kitenge changu. Niliogopa. Sikuwa naogopa chui. Nilikuwa naogopa kwamba nimemuua mama kwa ajili ya kitenge.

"Tangulia," akasema. "Mimi nafuata."

Nikatangulia polepole, nikimsikiliza anavyohema nyuma yangu, kifua kikilia filimbi nyembamba. Nilijaribu kumkumbuka mwandishi wangu ili nicheke. Kicheko hakikuja. Nilimkasirikia, kusema kweli. Miaka yote ile alinidanganya. Woga ukiwa wako mwenyewe hauna kichekesho hata kimoja.

Halafu filimbi ikakatika.

Nilisimama. Nyuma kimya. Sikuweza kugeuka. Nilijua nikigeuka nitakuta nini, na maadamu sijageuka, mama yangu bado ni mzima. Nilianza Baba Yetu nikaruka nusu yake. Ndipo nikageuka.

Nikamwona mama. Ameketi juu ya gogo, kiganja mdomoni, macho yamemtoka, ameibana pumzi. Nilipiga ukelele. Akanikemea kwa mkono, kisha akaiachia pumzi kwa kikohozi kirefu.

"Nyamasa basi! Kuna jogoo pale chini. Kifua hiki kinanipigia kelele, nimekibana nisikilise."

Jogoo akawika tena, upande wa kushoto. Nikambeba mama mgongoni, nikateremka nikiifuata sauti ile, huku nikiomba asinyamaze, mpaka tukatokea kwenye migomba ya watu. Mwenye nyumba alituitia bodaboda. Kabla hatujapanda, mama alimtazama jogoo akamwambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana, kwa heshima zote. Zahanati walimpa dawa, kifua kikafunguka. Aliyeletewa kiti ni mimi.

Kesho yake aliniagiza ile karatasi, ambayo bado naitunza ndani ya Biblia, na doa lake la mafuta.

"Andika hapo kwenye kalatasi," akasema. "Alimwona mama yake."

Nikaandika pale ilipochanika. Akataka nimwoneshe neno "mama" liko wapi. Nikamwonesha. Akaliwekea kidole, kikalifunika lote.

"Ndilo hili tu?" akauliza. "Dogo hivi?"