Siku Niliyomnyima Wifi Yangu Mto

Nikumbukapo ujana wangu, mwanangu, siku moja hunijia kabla ya nyingine zote. Ni siku niliyomwambia wifi yangu kwamba samaki wamekwisha mtoni, hali ndoana yangu ilikuwa bado imelowa maji ndani ya kikapu.

Ngoja nikueleze vizuri. Mimi nilizaliwa Mabogini, kule tambarare kwenye mashamba ya mpunga. Baba yangu alinifundisha kuvua kambale na perege mferejini nikiwa bado sijaanza shule, na hakuna kitu nilichokipenda zaidi hadi leo, nikiwa na mvi hizi. Nilipoolewa Uru, huko juu mlimani, nilikuta watu wa kahawa, ndizi na ng'ombe wa kulishwa zizini. Samaki hawakumjua. Wazee wa kule walimwona ni ndugu yake nyoka. Basi nikawa navua bila kusema. Jumamosi niliteremka na ndizi zangu kuuza mjini, soko la Pasua, na zikiisha mapema nilipita kando ya Mto Rau, mahali penye mkuyu mkubwa na maji yaliyotulia. Ilikuwa enzi za ruksa, maduka ya mjini yameanza kujaa vitu tena, na nilikuwa nimepata mshipi wa nailoni badala ya uzi wa gunia niliozoea. Nilikaa pale saa mbili, tatu, peke yangu. Samaki niliowapata niliwapelekea wazazi wangu, kisha nikapanda mlima kama mtu aliyetoka sokoni tu.

Wifi yangu aliitwa Redempta, dada mdogo wa mume wangu. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza, binti wa miezi saba. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, anapika mtori, anafua, lakini kuzungumza alikuwa hazungumzi. Ukimsalimu anaitikia, basi.

Jumamosi moja alinikuta ninaosha mikono nyuma ya jiko. Alinusa, akaniangalia.

"Wifi, unatoka kuvua?"

Nilishtuka, nikakubali.

"Siku nyingine unichukue," akasema. "Nitakaa tu. Sitakusumbua."

Mwanangu, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nina watoto wawili, shamba, na nyumba nzima ya wakwe. Zile saa za mtoni ndizo pekee zilizokuwa zangu. Nikaogopa atanijazia huzuni mahali pangu pa furaha. Nikamwambia, "Ah, wifi, samaki wenyewe siku hizi wamekwisha. Hata mimi naacha." Akaitikia kwa kichwa, akachukua ndoo yake, akaenda zake. Hakubisha hata kidogo, na mimi nikaona mambo yameisha.

Wiki mbili baadaye nilikwenda sokoni, naye akaondoka nyumbani nyuma yangu bila kuaga. Alikuwa amechukua ndoana moja kwenye kikapu changu. Hakujua ninapovulia, kwa hiyo alifuata mto kwa kubahatisha, akasimama kwenye ukingo wa udongo mwekundu unaoteleza. Kule chini jua lilikuwa kali, lakini mlimani mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mtu aliyekulia mtoni huona maji yakianza kubadilika rangi, akatoka. Yeye nani alimwambia? Maji yalikuja kwa mkupuo, yakamchukua. Wanawake waliokuwa wakifua nguo upande wa chini walimwona ameng'ang'ania mizizi, wakaunganisha kanga zao, wakamvuta.

Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta amefunikwa blanketi mbili kando ya moto, midomo imekauka, kiganja kimefungwa kitambaa. Ndoana ilikuwa imemchoma. Baba mkwe alikuwa ameketi karibu naye. Mzee yule hakuwa mtu wa makelele. Aliniita nje, kwenye migomba.

"Mama Deo, ulimwambia samaki wamekwisha?"

"Ndiyo, baba."

"Walikuwa wamekwisha?"

"Hapana, baba."

Akaketi juu ya shina la mgomba lililoanguka. Nilitamani anifokee.

"Tangu amzike mwanawe," akasema, "mtoto huyu hajaomba kitu ndani ya nyumba hii. Hata chumvi hajaomba. Kitu cha kwanza alichoomba ni kwenda na wewe."

Akainuka, akarudi ndani. Nilibaki kwenye migomba nikalia mpaka Deo alipokuja kunitafuta.

Nilimwomba Redempta msamaha usiku uleule. Alisema yameisha, lakini nilipomwambia Jumamosi twende pamoja, akakataa. Jumamosi iliyofuata akakataa tena. Sikumlazimisha. Nilikata ufito, nikaukausha juu ya jiko, nikaufungia nusu ya mshipi wangu wa nailoni, nikauegemeza karibu na kitanda chake. Jumamosi ya tatu nikamkuta mlangoni amevaa kanga ya kazi, anangoja kubebeshwa mkungu wake wa ndizi.

Tuliketi chini ya mkuyu. Nilimwonyesha jinsi ya kumchomeka nyungunyungu kwenye ndoana, jinsi ya kulitazama boya bila kulikodolea macho, na kwanza kabisa jinsi ya kuyasoma maji. Tulikaa mpaka karibu saa tisa bila kupata kitu. Ndipo boya lake likazama, akavuta, akatoka perege mpana kama kiganja. Alimshika kwa mikono miwili, akamtazama anavyopiga mkia, akaanza kucheka, kisha akalia. Akasema, "Consolata angekuwa anatembea sasa." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina la mwanawe. Nikamsogelea. Akanisimulia habari za mtoto yule mpaka jua likashuka, na tulivua samaki yule mmoja tu.

Tulimkaanga nyumbani, mbele ya watu wote. Baba mkwe aliomba kipande. Alitafuna polepole, akatoa mwiba, akautazama, akasema nyama ya huyu mnyama imeshonewa sindano ndani. Ndiyo mara ya kwanza nyumba ile kucheka baada ya miezi mingi.

Redempta alikuja kunizidi kwa uvuvi. Aliwafundisha majirani, na baadaye, alipoolewa tena Sanya Juu, akawafundisha wanawe na wakwe zake. Mimi nami nimefundisha wengi nisiowakumbuka majina. Sijawahi kujuta kwa hata mmoja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa na kitu unachokipenda, usikifiche. Mtu akikuomba akae tu karibu nawe, mpe nafasi. Hujui ametoka wapi mpaka akaweza kuomba. Na ukimfundisha, mfundishe na hatari zake, usimwachie ajue mwenyewe. Utaona furaha yako haipungui, ila saa za upweke ndizo zitakazopungua, na hizo acha zipungue.

Mungu akulinde uendako. Akupe mikono yenye subira na moyo mwepesi, akupe watu wa kuketi nao, na siku zako ziwe nyingi, mwanangu. Amina.