Tochi kwenye Ngazi

Mtaani walimwita Bwana Subiri, maana hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu. Kila magharibi alisimamisha kamera kwenye ukuta wa ufukweni, akaielekeza kwenye mji uliopanda kilima, akaiacha imefumbua jicho dakika mbili nzima. Katika picha za namna hiyo nyumba hubaki, taa hubaki, anayetembea hupotea. Mji ulitoka mtupu kana kwamba watu wote wamehama, na wenye hoteli wakazigombania picha hizo, sijui kwa uzuri gani.

Kila jioni mkewe alimletea chai ya chupa, kisha akapanda ngazi kurudi nyumbani, tochi mkononi. Jioni moja ya Juni uvumilivu ulimwishia mume.

"Mke wangu, zima hiyo tochi! Unanichorea picha!"

"Nikivunjika mguu utanibeba wewe na kamera yako?"

Mkewe alicheka, lakini akaizima. Tangu siku hiyo alipanda gizani.

Alipofariki, daktari aliuliza kama hawakuona dalili, kwa sababu moyo ule ulikuwa umechoka miezi mingi. Bwana Subiri aliapa hakuona kitu. Wiki iliyofuata binti yao alitaka picha moja ya mama ya kutundika ukutani. Walipekua makasha mpaka mgongo ukawauma.

"Baba, picha zote hizi, na mama hayumo hata moja?"

"Mama yako alikuwa hatulii."

Binti akatoa bahasha ya picha zilizoharibika. Katika kila moja uzi mweupe ulipanda ngazi.

"Hii ni nini?"

"Tochi yake."

"Na haya mafundo?"

"Mwanga ukitulia mahali hujaa. Hapo alisi..."

Akazichukua picha zile. Alizipanga mezani kwa tarehe. Januari, fundo moja. Machi, mawili. Juni yalikuwa matano, na la mwisho nene, karibu kabisa na mlango wao. Majuto ni mjukuu, na yake yalikuja yamebeba ushahidi.

Binti alilia kimya kimya, akachukua ile ya Juni. "Nitatundika hii."

Bwana Subiri alibaki na zile safi, zilizopigwa baada ya Juni, zilizomletea sifa. Ngazi zilikuwa nyeusi tii. Mkewe alikuwa humo, ameshika ukuta, anatafuta pumzi. Alisogeza picha karibu na taa, akaanza kuhesabu vidato, akitafuta aliposimama.