Jina la Dympna Lilibaki Kusini

Bi Dympna McCaffrey alihama mara moja tu maishani, na hata hapo alihama umbali wa shamba moja na nusu. Aliolewa na Fonsie mwaka wa sitini na tano, akabeba sanduku lake na kuku sita, akavuka kijito, akawa ametoka Jamhuri ya Ireland na kuingia Fermanagh ya kaskazini, chini ya Malkia wa Uingereza. Hakuona tofauti yoyote. Mvua ilikuwa ileile na tope lilelile. Kutoka dirisha la jikoni aliendelea kuona makaburi ya kwao juu ya kilima, upande wa kusini, na misa ya Jumapili alisali hukohuko.

Mpaka kwetu ni kitu cha kuchekwa. Enzi za ujana wake siagi ilikuwa rahisi upande wetu, basi Bi Dympna aliilaza chini ya mtoto kwenye kigari, akampita ofisa wa forodha huku akimuuliza habari za mama yake. Hakukamatwa hata siku moja. Mimi niliyekuwa jirani yake kwa miaka thelathini sikuwahi kumwona akiogopa kitu, mpaka ulipofika msimu wa baridi wa corona.

Na niseme mapema kwamba fomu nitakayoitaja niliijaza mimi. Sisimulii kama mtu aliyekuwa pembeni.

Aliyemtia hofu alikuwa mume wake. Mzee Fonsie alikuwa na miaka themanini na mitatu, na vumbi la nyasi zilizoota ukungu lilikuwa limemla mapafu. Akipanda ngazi za nyumba yake alipumzika mara mbili. Corona ingemmaliza kwa wiki moja, na sote tulijua, yeye akiwemo. Bi Dympna alisugua vitasa vya milango kwa dawa mpaka rangi ikabanduka. Mkate nilimwachia juu ya nguzo ya lango, naye hakuuchukua mpaka nirudi nyuma hatua kumi.

Desemba chanjo ikaja. London haikulisubiri shirika ambalo Ulaya hukagulia dawa zake, ikaipitisha chanjo peke yake, mapema. Kusini walikuwa bado wanalisubiri shirika. Upande wetu tukavimba vichwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwacheka jamaa zangu wa ng'ambo. Wazee wa kwetu wakaanza kupigiwa simu mmoja mmoja. Simu ya nyumba ya McCaffrey haikulia.

"Nimepiga kusini kwa daktari wetu," Bi Dympna aliniambia akiwa upande wake wa lango. "Binti wa mapokezi anasema chanjo bado, na ikija wataanza na watu wao. Mzee analala kaskazini, basi atibiwe kaskazini. Haya, nikapiga kaskazini. Wanasema hawamjui. Miaka themanini na mitatu kwenye nyumba moja, Nuala, eti hawamjui."

Hilo lilikuwa kosa letu la mpakani. Walibaki na daktari wa ukoo wa Bi Dympna, kule kusini, kama wengi wetu tulivyofanya, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Si mumhamishie kwa daktari wa kaskazini?"

"Muulize mwenyewe. Anasema daktari si soksi ya kubadilisha."

"Nawasikia," Mzee Fonsie alisema kutoka dirishani. "Mabovu ni mapafu, masikio mazima."

Nilileta fomu mbili za kujiandikisha kwa daktari wa kaskazini, yake na ya mzee, nikazijazia juu ya boneti ya gari langu. Ya mzee aliisaini kwa kunung'unika. Ya pili Bi Dympna aliisukuma kwa ncha ya kidole.

"Yule daktari amenizalisha watoto wanne, mwanangu. Tukimkimbia wote wawili siku moja, ataona tumemtupa. Mwandike mzee. Mimi nitangoja hiyo ya Ulaya."

"Na ukiugua?"

"Niugue nini? Mapafu yangu ya punda haya."

Mimi najulikana kwa kufoka. Hata padri nimewahi kumfokea. Siku hiyo nilikuwa nahisi baridi na nataka chai, nikaikunja ile fomu nikaitia mfukoni mwa koti.

Mzee akapewa Jumatatu, tarehe mosi Februari. Ijumaa iliyotangulia, saa ya chai, mlango wangu ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Bi Dympna, hana koti, hana barakoa.

"Umesikia redio? Ulaya wanazuia chanjo kuvuka mpaka kuja huku. Wamepungukiwa, wamekasirika. London ilijitoa Ulaya, sasa sindano ya mzee wangu itakwama."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Siagi niliiweza, Nuala. Hii inakaa kwenye barafu. Naivushaje?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikampigia nesi wa zahanati yetu. Alisema dozi za Jumatatu ziko kwenye friji yake na ufunguo uko shingoni mwake. Usiku huohuo Ulaya wakaufuta uamuzi wao. Bi Dympna hakumwamini nesi wala redio. Siku mbili nzima alichungulia barabara, kana kwamba mtu angekuja kuichukua sindano ya mzee.

Jumatatu nilikuwa nimejitolea kuelekeza magari uani kwa zahanati. Nesi alimchoma Mzee Fonsie kupitia dirisha la gari.

"Umemaliza?" mzee aliuliza. "Ng'ombe wangu wakichomwa hukiona cha moto kuliko mimi."

Bi Dympna alifumba macho, na nikaona mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Nesi akainama kumtazama.

"Na wewe mama, una miaka mingapi?"

"Sabini na saba."

Nesi alipitisha kidole kwenye orodha, mara mbili. "Jina lako halimo humu. Ungekuwa wetu ningekuchoma sasa hivi."

"Zamu yangu itafika," alisema, akawasha gari.

Nilikuwa nimesimama pale, mkono mfukoni. Fomu yake ilikuwa bado imo ndani ya koti. Niliishika, nikaogopa kwa ajili yake, kisha nikawapungia mkono watoke, maana gari la nyuma lilikuwa linapiga honi.

Siku ya tisa baada ya hapo Bi Dympna alianza kukohoa. Mzee aliniambia baadaye kwamba alikaa kwenye ngazi akizihesabu pumzi za mkewe, akiogopa kufika mwisho wa hesabu. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya kaskazini, na kule hakuna aliyeuliza daktari wake ni nani. Alikaa siku kumi na moja. Tulimzika juu ya kilima, kwao, tukiwa watu kumi kama amri ya corona ilivyosema.

Katikati ya Machi nilikuwa naosha vikombe jikoni kwa mzee simu ilipolia. Sauti ya binti wa kusini ilisikika mpaka kwenye sinki.

"Bwana McCaffrey? Zamu ya Bi Dympna imefika. Jumanne saa nne ataweza?"

Mzee aliangalia dirishani, kilimani. "Tumemzika," alisema. "Mwezi uliopita."

Binti akatoa pole, akasema basi atalifuta jina.

"Usilifute leo," mzee alimwambia. "Mwambie daktari kwanza. Mwambie hakumkimbia."