Shali ya Shangazi

Ofisini wanamwita Shangazi, na kila anapoletewa jengo linaloganda kwa baridi ndani ya programu ya kompyuta inayokadiria joto la majengo, kwanza hujitanda shali, hata kama feni inazunguka na wenzake wanatokwa jasho, wala haivui mpaka jengo lipate joto. Kisha hulipita jengo chumba kwa chumba, kidole juu ya skrini, akinong'ona kama mtu anayetafuta funguo alizoangusha. Leo msanifu majengo alimjia roho juu: michoro ya hospitali inatakiwa mchana, na programu inaonyesha wodi ya wazazi ni barafu tupu.

"Shangazi, boila ya kupasha jengo joto nimeiongeza nguvu weee, wapi!"

"Boila haina kosa, mwanangu. Iache ipumue." Kidole kikapita wodini, kikapita ukumbini, kikasimama jikoni. "Kipimajoto kinachoiwasha na kuizima umekiweka huku, karibu na majiko. Wakipika tu, kinadhani jengo zima limepata joto, kinaizima boila."

Msanifu akajishika kichwa. Shangazi akakihamishia wodini, akabonyeza, akakunja mikono. Mstari wa joto ukaanza kupanda. Msanifu hakuutazama, alimtazama yeye. Mstari ulipotulia, Shangazi akavua shali, akaikunja, akaitia kwenye droo. Hapo ndipo msanifu alipoinua simu kumpigia mteja.