Barua Niliyoiandika kwa Jina Lake

Wiki iliyopita tulimzika, huko kwao Sigino, mama aliyekuwa akiichapa safu hii. Ninyi wasomaji wangu wa siku zote hamkumfahamu, lakini kila neno mlilolisoma hapa kwa miaka sita lilipita kwanza kwenye vidole vyake, maana mimi bado naandika kwa kalamu kwenye daftari la mistari, na kompyuta naiogopa kama mbwa wa jirani. Habari ilinifikia asubuhi, kwa simu ya dada anayeuza vocha mlango wa pili kutoka kwake. Alisema, "Mwalimu, Mama wa steshenari hatunaye. Amefia hospitali. Wanasema ni kichwa." Sikumuuliza kichwa kimeumiaje, kwa sababu nilijua. Mumewe alikuwa tayari mikononi mwa polisi. Shauri hilo sasa ni la mauaji, liko mahakamani, na mhariri wangu amenionya nisilizungumzie. Nitatii. Sitasema nani alifanya nini siku ile. Nitasema nilichofanya mimi miezi minane kabla yake, mchana kweupe, kwa mwandiko mzuri.

Steshenari yake ilikuwa chumba kimoja tu, kwenye mtaa wa maofisi hapa Babati mjini: kompyuta moja, mashine ya kutolea kopi, na kalenda ya parokia ukutani. Wazazi wake ni wakulima waliohamia Sigino kutoka nyanda za juu za Mbulu, na yeye alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile kumaliza kidato cha nne. Aliolewa upande wa Nakwa. Watu walikuja kwake kuandikiwa maombi ya kazi, mikataba ya mashamba, mialiko ya harusi. Mimi nilikuja na daftari langu kila Alhamisi, ananipa shikamoo yangu, kisha ananisahihisha bila huruma. "Mwalimu, hii sentensi imetoka Babati imefika Kondoa bila kupumzika. Niikate wapi?" Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na huyu binti wa kidato cha nne alikuwa akinikata sentensi kama mtu anayepunguza majani ya migomba. Mara nyingi alikuwa sahihi. Wasomaji walioandika kunisifu kwamba Kiswahili changu kinateleza walikuwa wanamsifu yeye, na sikuwahi kuwaambia.

Siku moja aligoma kuendelea. Nilikuwa nimeandika safu ya kuchekesha kuhusu mzee mmoja aliyerudi nyumbani akakuta ugali haujaiva, akamrudi mkewe makofi mawili, halafu usiku mzima akakosa pa kulala kwa sababu mke alikimbia na funguo za chumba. Alifika hapo akaacha kuchapa. Aliniuliza, "Mwalimu, hapa pa kucheka ni wapi?" Nikamwambia ni pale penye funguo. Akasoma tena, taratibu, akasema, "Mimi naona makofi." Nilimwambia aache mambo ya kisasa, hii ni hadithi tu. Aliichapa. Safu ikatoka, watu wakacheka sana, mhariri akapiga simu kunipongeza. Leo nikiikumbuka natamani kila nakala iliyouzwa iwe imefungiwa maandazi.

Mwaka jana, mbaazi zikiwa zinavunwa, nilimkuta ofisini mkono wa kushoto umefungwa hogo la plasta. Hakunificha kitu. Mumewe alikuwa amemvunja. Na yeye alikuwa amefanya kila kinachotakiwa kufanywa, tena peke yake: alikwenda polisi, akapokelewa na askari wa kike wa dawati la jinsia, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali ukiwa umeumizwa, daktari akaijaza, mume akakamatwa, akashtakiwa, akatoka kwa dhamana kusubiri kesi. Nilimpa pole na kumsifu kwa ujasiri. Nikamwachia daftari langu, akaichapa safu yangu kwa mkono mmoja.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na baba mkubwa wa mumewe, mzee wa Mutuka ambaye nimekaa naye benchi moja kanisani kwa miaka mingi. Kulikuwa na kikao cha familia, naye alinitaka niwe katibu. Nilikwenda. Tulikuwa watu saba pamoja na yule mama: mzee mwenyewe, mume, mzee mwingine wa ukoo, kaka wa yule mama na mama yao mzazi kutoka Sigino, na mimi na kalamu yangu. Yule mama alikaa karibu na mlango, mkono kifuani. Mzee alifungua kwa sala, kisha akasema, "Tuyamalize kifamilia. Huyu kijana akifungwa, watoto wataishi na nani? Na jina letu litakuwaje huko mjini?" Mume akapiga magoti, akaomba msamaha mbele yetu sote, na tukapiga makofi. Kaka wa yule mama akasema, "Sisi kwa upande wetu, kama dada ameridhika, hatuna neno." Hakuna aliyemgeukia dada kumuuliza kama ameridhika. Mama yake mzazi alikuwa anatazama sakafu. Kisha mzee akanigeukia, "Haya Mwalimu, tuandikie barua ya kuondoa kesi, iwe ya kwake yeye."

Niliandika. Niliandika kwa jina lake, naye amekaa hatua tatu kutoka kwangu: "Mimi mlalamikaji, kwa hiari yangu mwenyewe na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimemsamehe mume wangu kwa moyo mweupe." Niliposoma kwa sauti, mzee alipiga paja. "Hapo sasa! Hiyo ndiyo barua." Nakiri kwamba nilifurahi. Mtu akisifiwa maandishi yake huwa haangalii tena yanasema nini. Kesho yake niliipeleka ikachapwe, na katika mji mzima huu sikufikiria mahali pengine pa kuipeleka isipokuwa kwake. Alichapa kwa mkono mmoja mpaka alipofika kwenye neno hiari. Akaacha. Bila kunitazama, akasema, "Mwalimu, na hii niichape?" Nikamjibu, "Ichape tu, Mama. Ndivyo barua hizi zinavyoandikwa." Akaichapa, akaitoa kwenye mashine, akaweka saini. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakunikata hata sentensi moja, na mimi nilidhani ni kwa sababu nimeandika vizuri.

Yule askari wa dawati alipoisoma hakufurahi hata kidogo. Alituambia mimi na mzee, akiwa amesimama, "Wazee wangu, kesi hii si ya huyu mama. Ni kesi ya Jamhuri. Yeye ni shahidi. Barua haiwezi kuifuta, ila ninyi mnaweza kumfanya asije kutoa ushahidi, na mnajua hivyo." Tulijua. Kila tarehe ya kesi ilipokaribia, mzee alimpeleka yule mama Mbulu kusalimia ndugu. Shahidi hakuonekana, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwishowe kesi ikaondolewa kwa kukosa mashahidi. Kanisani Jumapili ile mzee alinishika mkono akasema Mungu ni mwema. Nikaitikia.

Sikuwa mjinga wa sheria, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Sheria ya Ndoa ya nchi hii inasema kwa maneno mepesi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kumvunja mtu mkono ni jinai, na ndoa haiifanyi kuwa jambo la nyumbani. Adhabu yake ni jela, tena si ya wiki mbili. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu haya, wakayaandika kwenye madaftari. Tulijiona tunamwokoa kijana wa watu. Kama tungeiacha kesi iende, huenda angekaa gerezani miaka michache, akatoka, akawakuta watoto wake wakiwa na mama. Sasa anakabiliwa na shtaka ambalo akipatikana na hatia adhabu yake ni kunyongwa, na watoto wake wawili wako Sigino kwa bibi yao wanauliza maswali. Hakuna mtu hata mmoja katika kikao kile aliyesaidiwa na kikao kile. Mji wetu huu umejaa watu wa kila mkoa, kila siku kuna ghorofa jipya linapanda, lakini sijaona nyumba, ya mgeni wala ya mwenyeji, ambayo mwanamke akishavunjwa mkono watu hawaulizani kwanza jina la familia litakuwaje.

Siku tatu baada ya maziko mzee wa Mutuka alikuja kwangu. Alikuwa amezeeka ghafla, na nilimwonea huruma. Alikunywa chai, kisha akasema, "Mwalimu, nakala ya ile barua unayo? Wakili anasema itasaidia kuonyesha walikuwa wameelewana. Na wewe ukiulizwa, useme tu aliitaka mwenyewe." Nilimwambia hakuitaka. Akasema, "Lakini aliisaini." Nikasema ndiyo, na mimi ndiye niliyemwambia aichape, na rasimu ipo humu ndani kwa mwandiko wangu, nami naipeleka polisi. Alinyanyuka bila kumaliza chai. Nilikwenda siku hiyo hiyo, nikaandikisha maelezo yangu yote kwa yule yule askari wa kike, pamoja na tarehe za safari za Mbulu. Mzee hanisalimii tena. Inaniuma, maana alikuwa rafiki yangu, lakini naona ni bei ndogo mno.

Nimemuuliza yule askari tungemsaidiaje yule mama. Alinijibu kama mtu aliyechoka kulirudia jibu lake. Mfuate mwanamke akiwa peke yake, umuulize anataka nini, na umwamini anachokuambia. Mtunzie kopi ya PF3 yake na nguo chache nyumbani kwako. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa. Ukiisikia kelele ya kipigo, piga simu polisi, usingoje kuitwa. Na ile tarehe ya kesi ikifika, panda naye bodaboda, ingia naye mahakamani, kaa mahali anapoweza kukuona. "Mashahidi wengi hawakatai," aliniambia. "Wanakuwa peke yao tu." Hakuna hata moja katika hayo lililonishinda. Nina mguu wa kutembea, nina simu, nina chumba cha ziada.

Jumamosi nilikwenda Sigino na mke wangu kumwambia mama wa marehemu kwamba nimeshatoa maelezo, na kwamba barua ile ilikuwa yangu. Tulimkuta anapepeta maharage. Alitupa viti, akasikiliza mpaka mwisho, hakulia. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Nilisema moyoni, huyu amesoma, huyu atasema hapana, na mimi nitasema." Nilimwambia ukweli, kwamba mimi nilikuwa namwangalia yeye, maana ndiye mama mzazi. Kaka mtu naye, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema yeye alikuwa anatungoja sisi wakubwa. Basi ndivyo tulivyokaa siku ile, ndugu zangu, kila mmoja anamwangalia mwenzake, na hakuna aliyemwangalia yule aliyevunjwa mkono. Ukiitwa kwenye kikao kama kile, usimngoje mtu. Sema hapana wewe, uwe wa kwanza, hata sauti ikitetemeka. Alihitaji mmoja tu.