Vioo vya Ukuta wa Uani

Mchanga uliochimbuliwa kutoka chini una harufu yake. Si ile ya mvua ya kwanza ambayo kila mtu huisifia. Hii ni nzito, ina chumvichumvi na dizeli ndani yake, na kwa sisi tuliokulia Kariakoo ni harufu ya jirani aliyeuza nyumba. Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Gerezani, nikapita kiwanja kilichozungushiwa mabati, nyuma yake pampu inanguruma, na pua ikanirudisha moja kwa moja uani kwa Bibi, nikiwa na miaka kumi, nimeshika kisu cha jikoni.

Wazazi wangu walikuwa kikazi Tabora, hivyo aliyenilea ni Bibi, mama yake baba. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, vyumba sita na ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma. Waliotaka kuinunua walikuja wengi, wakanywa chai, wakaondoka. Jirani yake hakuwa na moyo huo. Nyumba ya jirani ilibomolewa kwa siku mbili, kisha kikaletwa kijiko, ndivyo tunavyoliita lile tingatinga la kuchimbia, kikaanza kuchota ardhi. Tukaambiwa linakuja ghorofa refu, na chini ya ardhi kutakuwa na pa kuegesha magari. Bibi alisema watu wa mji huu wamechoka kupanda, sasa wanataka kushuka.

Kariakoo hushuki mbali kabla hujakutana na maji. Shimo lilipofika kimo cha mtu mzima likaanza kujaa, wakaleta pampu, ikawa inavuta maji na kuyamwaga mtaroni kutwa kucha. Haikupita wiki mbili, ukuta wetu wa nyuma, ule wa upande wa shimo, ukafanya ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha Bibi ukateremka mpaka chini.

Aliyekuja kuukagua alikuwa injinia wa udongo, dada wa Kilimanjaro aliyeitwa Neema, mabuti yamemzidi mguu na kofia imemzidi kichwa. Nilimfuata kila alikogeuka, naye hakunifukuza. Aliniambia kwamba maji yakivutwa haraka huondoka na mchanga uliobeba nyumba iliyo pembeni ya shimo.

"Umeshaona gunia la mchele likitobolewa chini?" aliniuliza. "Juu huoni kitu, mpaka linapolala."

Mtoto wa Kariakoo haelezwi gunia mara mbili.

Kisha akachukua vipande vitatu vyembamba vya kioo, akavigandisha kwa simenti kukatiza ule ufa, kimoja juu, kimoja kati, kimoja chini. Akamwambia Bibi, "Kioo hakijui kujikunja. Ukuta ukisogea unywele tu, kinavunjika. Kikivunjika tunazima pampu, na nyinyi mnatoka humu ndani."

"Tunatoka tunaenda wapi, mwanangu?"

"Mtatafutiwa pa kukaa, Bibi, mpaka tujue hali ya nyumba."

Bibi alimimina chai, akamsogezea na vitumbua.

Idi ikakaribia. Nyumba yetu ilipakwa chokaa kila mwaka kabla ya Idi, na chokaa ilikuwa kazi yangu kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka ule Bibi alisimama mbele ya ufa, mikono kiunoni.

"Mwajuma, lete kisu. Wageni watadhani nyumba ina vidonda."

Tuliving'oa vile vioo polepole, kama mtu anayebandua chapati isichanike, akavifunga kwenye kitambaa. Alikoroga simenti mwenyewe, akauziba ufa, mimi nikapaka chokaa juu yake. Ukuta ukang'aa. Wageni wa Idi walikuja, wakala pilau, wakausifia, na mimi nikajisikia fundi. Mafundi wa kwenye shimo nao walikwenda kula sikukuu. Pampu haikwenda, iliendelea kunguruma na kuvuta maji.

Siku ya tatu ya Idi, alasiri, Bibi akaniita uani. Alikuwa na kile kitambaa na kopo la gundi ya viatu, kwa sababu kesho yake Neema angekuja kukagua. Nikapiga magoti kubandika kioo cha chini, na hapo nikaona. Ufa ulikuwa umerudi, umepasua simenti mpya na chokaa yangu. Nikatia ukucha, ukaingia wote.

"Bibi, umerudi."

"Chokaa hiyo inakauka. Bandika."

Nikabandika, kisha nikaificha gundi kwa chokaa. Bibi hakuwa mtu wa kubishiwa, na mpaka siku ile hakuwahi kunidanganya, kwa hiyo nilijilazimisha kuamini. Sikuweza. Nilikula wali wangu bila kusikia ladha yake.

Neema alifika asubuhi. Akamwamkia Bibi shikamoo, akapewa marahaba, akausifia weupe wa ukuta. Bibi akamwambia tumepaka kwa kuvizunguka vioo. Neema akainama, akavigusa kimoja kimoja, akatabasamu.

"Vizima vyote. Alhamdulillahi, kama mnavyosema nyie." Akatoa simu kumpigia msimamizi wa shimo. "Upande huu uko salama. Washeni kijiko, shukeni mita nyingine moja."

Msomaji wangu, mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu. Kwetu mtoto hamsuti mtu mzima mbele ya mgeni, na yule hakuwa mtu mzima yeyote tu, alikuwa Bibi yangu, kila kitu nilichokuwa nacho mji ule. Lakini niliwaza kijiko kinachota chini ya kitanda chake, nikasikia sauti yangu imeshatoka.

"Dada, vioo nimevibandika mimi. Jana."

Bibi alifunga macho. Neema alichomoa kalamu mfukoni, akaitia kwenye ufa, kalamu ikasimama yenyewe. Akapiga kelele kwenye simu nikaogopa: kijiko kisimame, pampu izimwe, mchanga urudishwe shimoni, tena sasa hivi, uegemezwe upande wetu. Akamshika Bibi mkono, tukatoka wote mpaka nje, tukavuka barabara, tukakaa kwenye maturubai ya muuza vyombo tukiitazama nyumba yetu.

Kijiko kilirudisha mchanga mpaka jua likaelekea kutua. Kila kikimwaga, nilihesabu pumzi nikisubiri kishindo. Hakikuja. Tuliwekwa kwa binamu yake Bibi, Ilala, siku kumi, na kila siku Neema alipita kutuambia vioo vipya alivyogandisha ni vizima. Siku ya kumi alikuja anacheka kabla hajafika mlangoni, nami nikalia kwa furaha mpaka nikapata kwikwi. Walipoanza tena walichimba kwa vipande vifupi, kipande kimoja kinajazwa zege kwanza ndipo kinafuata kingine, na nyumba haikutikisika tena. Bibi aliishi humo mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, kitandani kwake.

Hakunichapa wala hakulizungumza jambo lile. Kwa muda mrefu niliamini kwamba alitaka tu nyumba ipendeze Idi. Nilikuwa mama mtu mzima, natandika kitanda cha mwanangu, ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Tangu nifike kwake nililala chumbani mwake. Siku ileile tuliyong'oa vioo alilihamishia godoro langu chumba cha mbele, karibu na baraza, akisema napiga mateke kama punda.

Alijua. Alijua ukuta ule unaweza kuanguka, na aliogopa kutolewa nyumbani kwake kuliko alivyouogopa ukuta. Basi akaamua kwamba ukianguka umkute peke yake. Tuliporudi kutoka Ilala aliliburuta godoro mwenyewe, akalirudisha pembeni ya kitanda chake, nami nikalala usingizi mzito nikidhani nimeacha kupiga mateke.