Sauti ya Mstari wa Pili

Shuleni kwetu Likasi, wimbo wa kupokea wageni ulikuwa mmoja. Walipokuja Wamarekani kutazama kiwanda cha shaba cha Shituru, tuliingiza jina la nchi yao. Walipokuja Wafaransa, tukaingiza la kwao. Tulicheza na vitambaa vya kijani kiunoni, na mwenye kuanzisha wimbo alisimama mbele peke yake, karibu akanyage viatu vya wageni.

Nafasi ile ilinikosesha usingizi. Alipewa binti wa shangazi yangu, tuliyelala naye kitanda kimoja. Sauti yangu ilishinda yake. Yeye alikuwa na shingo ndefu na meno ya kucheka. Kila alipojipaka mafuta miguuni, mimi niliona pilipili machoni.

Wakaja Wachina. Akaanza, na mahali pa jina akaimba Amerika.

Ngoma zikalegea. Mkubwa wa chama, aliyewaleta wageni, akakaza taya. Kutoka mstari wa pili nikaimba Uchina kwa sauti yangu yote, watu wajue nani anajua. Nilifurahi: leo anatolewa, kesho nafasi ni yangu.

Lakini hakunyamaza. Akaimba Uchina, akaongeza Ufaransa, Ubelgiji, hata Zambia, jirani ambaye shaba yetu hupita kwake kuelekea baharini. Kila nchi alizungusha kiuno. Mwishoni akarudi kwa Wachina na kuinama mbele yao. Wakapiga makofi. Mkubwa wa chama akacheka kama mtu aliyetolewa mtoni.

Nyumbani, baba yangu, mfanyakazi wa reli, aliposimuliwa aliweka kikombe chini.

"Huyu mutoto iko na kichwa ya ministre, ya waziri," alisema. "Inchi yetu ni kubwa ku karte, ile ramani ya masomo. Lakini shaba yake inapita ku milango ya bengine. Basi unasalimia bote, na ule mwenye iko mbele yako, unamusalimia mara mbili."

Nikasema mimi sikukosea hata neno.

"Nilikusikia, yaya," binti wa shangazi akajibu taratibu, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. "Ni weye ulinikumbusha. Nimeshaomba mwalimu akuache nyuma yangu siku zote."

Baba akamsifu tena, kwamba anajua kutunza marafiki. Wageni wakaendelea kuja, nchi baada ya nchi, nami nikawaona wote kupitia mabega yake, nikiimba sawasawa.